Klabu za mpira wa Australia husajili na kubadilishana wachezaji vipi bila kulipana ada?

Mjomba wa Makadara

Hamjambo wapenzi wa michezo. Nilifundisha timu za vijana katika viwanja vya Makadara na Buruburu kwa miaka 14, na muda wote huo nilidhani hakuna jambo la usajili wa wachezaji ambalo lingenishinda kulielewa. Wiki iliyopita nimeshindwa, na aliyenishinda ni dada yangu.

Dada ni muuguzi. Alihamia Perth, magharibi mwa Australia, mwanawe wa kwanza akiwa na umri wa miaka minne. Kijana huyo sasa ana miaka 17 na amewapita kimo wanaume wote wa ukoo wetu. Hachezi kandanda tuliyoizoea. Anacheza ule mpira wao wenye umbo la yai, unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, timu moja ikiwa na wachezaji 18 uwanjani, na inaonekana anaucheza vizuri, kwa sababu mwezi uliopita msaka vipaji wa klabu moja kubwa alifika nyumbani kwao. Dada alimwandalia chapati na ndengu. Mgeni alikula, akashukuru, kisha kwa muda wa saa nzima hakuuliza hata mara moja kuhusu mpira. Aliuliza ni nani humwamsha kijana asubuhi, kama huosha vyombo bila kusukumwa, walimu wake humzungumziaje, na kama amewahi kulala mbali na nyumbani kwa zaidi ya wiki moja. Swali hilo la mwisho ndilo lililomnyima dada usingizi.

Alipotaka kujua iwapo klabu hiyo ina nia ya kumsajili mwanawe, alijibiwa kwamba ingependa sana, lakini haiwezi kuahidi lolote hadi Novemba, kwa kuwa klabu nyingine 17 zina haki sawa ya kumchukua, na ikiwa mojawapo italitaja jina lake mapema, kijana ataenda huko, iwe ni Melbourne, Adelaide, Sydney au Brisbane. Kutoka Perth hadi Melbourne ni mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa ndege, karibu sawa na kutoka hapa kwetu hadi Johannesburg. Hakuna klabu itakayomlipa mwenzake ada ya uhamisho, na kijana mwenyewe hapewi nafasi ya kusema anataka kwenda wapi.

Dada alinipigia simu akiamini kwamba mtu aliyefundisha mpira Eastlands anaweza kueleza mpira wowote ule duniani. Sikuweza. Ningemshukuru mwenye ujuzi anieleze mpango huu unaendaje, kwa nini klabu zenye fedha zinakubali kufungwa mikono namna hiyo, na je, kijana akishachukuliwa na klabu ya mbali, ndiyo imetoka, au ipo njia ya kurudi?

Mweka Hazina wa Chama

Ndugu Mjomba, niliishi Melbourne kwa miaka sita nikisoma na kufanya kazi, na katika jiji lile mtu asiyejua mambo haya hana la kuzungumza kazini siku ya Jumatatu. Nitakueleza kwa lugha ya chama, kwa sababu sijaona mfano ulio karibu zaidi.

Fikiria chama chenye wanachama 18. Kila Novemba wanakutana, lakini kinachogawanywa si fedha, bali ni vijana wote waliojiandikisha na ambao watakuwa wametimiza miaka 18 kufikia tarehe 31 Desemba. Wanachama huchukua kwa zamu. Aliyeshika mkia katika msimamo wa ligi hupewa zamu ya kwanza, anayemfuata kutoka chini hupewa ya pili, na hivyo hivyo hadi kwa bingwa, ambaye huchukua wa mwisho. Kisha mzunguko wa pili huanza kwa mpangilio uleule. Shughuli hii huitwa drafti, wala asiichanganye mtu na ile drafti yetu ya vifuniko vya soda. Ilianza mwaka 1986, ligi ikiwa bado ni ya jimbo la Victoria. Jina la AFL, yaani Ligi ya Mpira wa Australia, lilikuja mwaka 1990.

Kabla ya hapo klabu zilikuwa zimegawiwa maeneo ya mashambani, na kijana aliyezaliwa katika eneo fulani alikuwa mali ya klabu iliyogawiwa eneo hilo. Klabu iliyobahatika kupata eneo lenye vijana wengi wenye vipaji ilikula kwa miaka mingi, na ile iliyopewa eneo kame ililia kwa miaka hiyo hiyo. Ongeza hapo vita vya mishahara, ambavyo vilikuwa vimezifikisha klabu kadhaa karibu na kufilisika, na utaona kwa nini walikubali kufungwa mikono. Hawakukubali kwa upole wa moyo. Waliona kwamba ligi yenye matajiri wawili na maskini kumi haitakuwa na mtazamaji.

Nguzo ya pili ni kikomo cha mishahara. Kila klabu inaruhusiwa kutumia kiasi kilekile kwa wachezaji wake wote, ambacho siku hizi ni zaidi ya dola milioni 15 za Australia kwa mwaka, na hairuhusiwi kutumia chini ya asilimia 95 ya kiasi hicho, kwa hiyo hata bahili analazimika kulipa. Anayedanganya huumia. Mwaka 2002 klabu ya Carlton ya Melbourne, mojawapo ya klabu kongwe na zenye jina kubwa, ilipatikana ikiwalipa wachezaji kwa siri nje ya kikomo. Ilitozwa faini ya zaidi ya dola 900,000, lakini kilichoiuma zaidi ni kunyang'anywa zamu ya kwanza na ya pili katika drafti ya mwaka huo. Fedha hutafutwa zikapatikana. Zamu iliyopotea haifidiki.

Sasa tuje kwenye ubadilishanaji. Katika chama chetu cha hapa Umoja, Januari haijawahi kupita bila mtu kuja na daftari lake kuomba abadilishiwe zamu kwa sababu ya karo. Mwenye zamu ya Januari humpa, naye hupokea ya Machi pamoja na ahadi ya kitu fulani juu yake. Klabu za Australia hufanya vivyo hivyo. Baada ya fainali kuu, ambayo kwa kawaida huchezwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, dirisha la kubadilishana hufunguliwa mwezi Oktoba. Klabu haiuzi mchezaji kwa fedha. Humtoa mchezaji ikapata mchezaji, au zamu, au mchanganyiko wa vyote viwili, na tangu mwaka 2015 inaweza kutoa hata zamu ya mwaka ujao, ambayo bado haijulikani itakuwa ya ngapi kwa kuwa msimu wenyewe haujachezwa. Hapo ndipo penye kamari. Tangu mwaka 2018 wanaweza kubadilishana hata usiku wenyewe wa drafti, saa ya kuchagua ikiwa inahesabu, simu zikiita meza hadi meza.

Mfano ninaoupenda ni wa Chris Judd. West Coast ya Perth ilimchukua kwa zamu ya 3 mwaka 2001, kijana kutoka Melbourne. Akaja kuwa mmoja wa wachezaji bora wa kizazi chake. Mwaka 2007 aliomba arudi kwao. Carlton ilimpata, pamoja na zamu ya 46, kwa kutoa zamu ya 3, zamu ya 20 na mshambuliaji wa miaka 20 aitwaye Josh Kennedy, mzaliwa wa magharibi mwa Australia. Siku ile watu wote walisema Carlton imepata dhahabu, na kweli Judd alifanya makubwa akiwa nayo. Lakini Kennedy alifunga zaidi ya mabao 700 akiwa West Coast, akaiongoza safu yao ya mbele hadi ubingwa wa mwaka 2018, miaka mitatu baada ya Judd kustaafu. Ukiniuliza ni nani aliyempunja mwenzake, mimi nitasema West Coast, ingawa ninajua wapo watakaonipinga.

Wakili Mpole

Nimesoma maelezo ya Mweka Hazina, na sina ugomvi na hesabu zake. Ugomvi wangu ni na mfano wa chama. Mwanachama wa chama ameingia kwa hiari yake na anaweza kutoka. Anayegawanywa katika drafti hakuketi kwenye mkutano uliopitisha katiba. Yeye ni kile kitita kilichowekwa mezani. Tusiupake rangi mpango ambao, kwa macho ya sheria ya kazi, unamnyima mtu mzima haki ya kuchagua mwajiri.

Mahakama za Australia zenyewe zimeliona jambo hili. Mwaka 1982 klabu ya South Melbourne ilihamishiwa Sydney, na mchezaji wake kijana, Silvio Foschini, hakutaka kuendelea nayo huko. Alitaka kuichezea St Kilda, na klabu ikakataa kumwachilia. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Victoria iliamua kwamba kanuni zilizomfunga zilikuwa kizuizi kisichofaa cha haki ya mtu kutafuta riziki yake. Ni baada ya hukumu hiyo, mfumo wa zamani ukiwa umepasuka, ndipo viongozi wa ligi walipoanza kutafuta mfumo mwingine. Kwa maneno mengine, drafti haikuzaliwa na upendo wa usawa peke yake. Ilizaliwa pia na hofu ya mahakama.

Wenzao wa ligi ya raga ya New South Wales walianzisha drafti yao, wachezaji wakaipinga, na mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaitupa nje. Ni kweli kwamba ile iliwabana zaidi watu wazima waliokwisha kumaliza mikataba yao, na kwa hiyo ilikuwa kali kuliko ya AFL. Hata hivyo, funzo alilolipata kila mwanasheria wa michezo ni kwamba mfumo wa aina hii hudumu pale tu chama cha wachezaji kinapoketi mezani na kukubaliana nao. Chama chao kinafanya hivyo, na ndiyo maana mwaka 2012 walipata haki ya mchezaji huru: aliyeitumikia klabu moja kwa miaka minane na mkataba wake ukaisha anaweza kuondoka. Akiwa miongoni mwa wanaolipwa zaidi katika klabu yake, klabu ina haki ya kumbakisha ikiwa italingana na kile alichoahidiwa kwingine. Lance Franklin aliondoka Hawthorn kwa mlango huo mwaka 2013, akaenda Sydney kwa mkataba wa miaka tisa wenye thamani ya takriban dola milioni 10, na Hawthorn, ambayo isingeweza kulingana na mzigo huo, ikapewa na ligi zamu ya 19 kama kifuta machozi.

Namwomba Ndugu Mjomba atazame hesabu ya miaka. Kijana anayechukuliwa akiwa na miaka 18 hafikii uhuru huo kabla ya miaka 26, katika mchezo ambao goti likigeuka vibaya mara moja huweza kuwa mwisho wa kila kitu. Hapa kwetu mchezaji huonewa kwa namna nyingine. Mteja wangu mmoja alihamishwa na klabu fulani ya hapa nchini kwa mkataba wa ukurasa mmoja usio na tarehe, akacheza miezi saba na kulipwa miwili. Siwezi kusimama nikasema sisi ni bora. Ninachosema ni kwamba utaratibu kuwa safi hakuufanyi kuwa wa haki.

Upande wa pili, mchezaji mwenye msimamo hushinda mara moja moja. Luke Ball wa St Kilda alitaka kwenda Collingwood mwaka 2009. Klabu hizo mbili zikashindwa kuelewana hadi dirisha likafungwa, naye akaamua kujitosa katika drafti kama kijana wa shule. Klabu nyingine zikampita, Collingwood ikamchukua kwa zamu ya 30, na St Kilda haikuambulia kitu. Mwaka uliofuata timu hizo mbili zilikutana katika fainali kuu, zikatoka sare, zikarudiana, na Ball akavaa medali ya ubingwa mbele ya wenzake wa zamani.

Mwalimu wa Zamani, Kakuma

Ninaomba kuingia kwa heshima, kwa sababu kuna upande wa habari hii unaotuhusu sisi Wakenya na hakuna aliyeutaja. Nilifundisha shule ya msingi Kakuma kwa miaka mitatu kabla ya kurudi Nairobi, na ndiyo sababu ninaufuatilia mchezo huu ambao sijawahi kuuona uwanjani.

Aliir Aliir alizaliwa katika kambi ya Kakuma mwaka 1994, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita vya Sudan. Familia ilihamia Australia angali mtoto. Alipofika umri wa kuchaguliwa alikuwa akichezea East Fremantle, katika ligi ya jimbo analoishi mpwa wa Ndugu Mjomba, na mwaka 2013 Sydney ilimchukua kwa zamu ya 44. Hiyo si zamu ya mtu anayetarajiwa makubwa. Ni zamu ya kubahatisha. Alisubiri hadi mwaka 2016 kucheza mechi yake ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2020 Sydney ilimtoa kwa Port Adelaide, ikapewa zamu ya mzunguko wa pili ya mwaka uliofuata, na mwaka huo huo wa 2021 akateuliwa katika kikosi bora cha taifa zima. Ninaposoma kwamba mtu fulani amepatikana kwa bei ya chini, huwa namkumbuka beki huyu.

Kabla yake alikuwepo Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, aliyeingia North Melbourne mwaka 2009 kupitia drafti ndogo ya wanagenzi na kucheza mechi yake ya kwanza mwaka 2013, akiwa mzaliwa wa kwanza wa Sudan kufika ligi hiyo.

Jambo ambalo Ndugu Mjomba anapaswa kumwambia dada yake ni kwamba drafti ina milango ya pembeni. Mmoja ni wa baba na mwana, wa tangu mwaka 1949: ikiwa baba alicheza mechi 100 au zaidi katika klabu fulani, klabu hiyo ina haki ya kwanza kwa mwanawe. Huo haumfai kijana wetu. Mwingine ni wa akademia za kizazi kijacho, zilizoanzishwa kwa ajili ya vijana wa jamii asilia za Australia na vijana wa familia za wahamiaji, wakiwemo ambao wazazi wao walizaliwa Afrika au Asia. Klabu hupewa eneo, huwalea vijana hao tangu wakiwa wadogo, na siku ya drafti klabu nyingine ikimtaja mmojawao, ile iliyomlea inaweza kusema, huyu ni wetu, tunalipa. Malipo ni kwa pointi, kwa kuwa kila zamu ina thamani yake. Zamu ya 1 ina pointi 3,000.

Mwaka 2020 Adelaide ilimtaja Jamarra Ugle-Hagan kwa zamu ya 1. Western Bulldogs, iliyomlea katika akademia yake, ilipewa punguzo la asilimia 20, kwa hiyo ilipaswa kutoa pointi 2,400, nayo ikazikusanya kwa kuunganisha zamu kadhaa za nyuma ambazo kila moja peke yake isingempata mchezaji wa maana. Wengine walipiga kelele kwamba kijana bora wa nchi amenunuliwa kwa chenji. Mwaka uliofuata sheria ikakazwa, klabu zikazuiwa kumdai kijana wa akademia akitajwa ndani ya zamu 20 za kwanza, na aliyeangukiwa na jambo hilo ni Melbourne: Mac Andrew, mzaliwa wa Cairo waliyemlea wenyewe, alitajwa na Gold Coast kwa zamu ya 5, na Melbourne ikabaki kutazama. Baadaye sheria ikalegezwa tena. Kwa hiyo dada aulize swali moja tu, tena aliulize mapema: je, kijana ameandikishwa katika akademia ya klabu yoyote ya Perth, yaani West Coast au Fremantle?

Mjomba wa Makadara

Nimewasoma wote mara mbili na nimempigia dada simu. Kuhusu akademia, kijana amekuwa akienda kwenye mazoezi ya aina hiyo tangu akiwa na miaka 13. Dada alidhani ni mazoezi ya likizo tu ya kumzuia asikae na simu siku nzima, na fomu alizotia saini ziko ndani ya droo pamoja na risiti za umeme. Amekwenda kuzitafuta.

Bado sijajibiwa swali la kurudi. Pia, Ndugu Mweka Hazina, Wakili amekupiga ngumi nzito, nami ningependa kusikia ukijitetea.

Mweka Hazina wa Chama

Wakili ni mpole kwa jina tu. Ninakubali kwamba kijana hakuketi mezani, na ninaondoa mfano wa chama pale alipouvunja. Lakini nitatetea matunda. Western Bulldogs walikuwa hawajatwaa ubingwa tangu mwaka 1954 hadi walipoupata mwaka 2016. Richmond walisubiri tangu mwaka 1980 hadi 2017. Melbourne tangu mwaka 1964 hadi 2021. Hizi ni klabu ambazo katika ligi ya kununua na kuuza kwa fedha tupu zingekuwa zimeshuka daraja na kusahaulika. Najua Wakili ataniuliza kuhusu St Kilda, ambao ubingwa wao pekee ni wa mwaka 1966. Sina jibu la St Kilda, na wao wenyewe hawana. Mfumo pia una kishawishi chake kibaya, kwani mtu akijua kwamba kushika mkia kunalipa, hapungui wa kulegeza kamba mwishoni mwa msimu.

Kuhusu kurudi nyumbani: ndiyo, njia ipo, na watu wa magharibi mwa Australia huitumia sana. Jambo la kwanza la kumtuliza dada ni kwamba mchezaji habadilishwi kama gunia la viazi. Ili uhamisho ukamilike, lazima yeye mwenyewe akubali. Siku ya drafti hana sauti, lakini kuanzia hapo hahamishwi bila saini yake. Mkataba wa kwanza ni wa angalau miaka miwili, na unapokaribia kwisha kijana anayetamani kwao humtuma wakala wake kuiambia klabu waziwazi kwamba anataka kurudi. Klabu nyingi huona ni afadhali kumtoa na kupata zamu kuliko kubaki na mtu ambaye moyo wake uko kwa mama yake. Lile swali la kulala mbali na nyumbani, Ndugu Mjomba, halikuwa la maongezi. Klabu ya mbali hukisia mapema nani atalia baada ya miezi sita, na huweza kumruka kijana mwenye kipaji kwa sababu hiyo pekee. Klabu ya karibu nayo huuliza ili ijue kama wenzake watamruka hadi zamu yake ifike.

Klabu yenye mkataba mkononi inaweza pia kukataa. Tim Kelly wa magharibi mwa Australia alichukuliwa na Geelong mwaka 2017 kwa zamu ya 24, akiwa tayari na miaka 23 na watoto wadogo. Baada ya msimu mmoja aliomba arudi Perth kwa ajili ya familia yake. Geelong na West Coast hazikuafikiana kuhusu malipo, akabaki mwaka mwingine, akacheza kwa bidii bila manung'uniko, na mwishoni mwa mwaka 2019 akarudi.

Kelly huyo ni somo pia kwa kijana asiyetajwa. Drafti moja huchukua vijana 60 hivi, na wanaojiandikisha ni mamia. Yeye aliachwa mwaka baada ya mwaka akiwa South Fremantle kabla ya mtu kumwona. Katika klabu hiyo hiyo alikuwepo Marlion Pickett, ambaye Richmond ilimchukua katikati ya msimu wa mwaka 2019 kupitia drafti ndogo ya katikati ya mwaka iliyokuwa ndiyo kwanza imerudishwa. Alikuwa na miaka 27 siku alipocheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, na mechi hiyo ilikuwa fainali kuu yenyewe. Richmond ilishinda kwa tofauti ya pointi 89. Kijana wenu ana miaka 17. Hata asipoitwa Novemba hii, hajachelewa kwa lolote.

Wakili Mpole

Hoja ya matunda nimeikubali nusu, na nusu iliyobaki tutaimalizia siku nyingine. Nina neno moja tu kwa Ndugu Mjomba: kijana apate wakala aliyeidhinishwa na chama cha wachezaji kabla hajaweka saini popote, na ile droo ya risiti za umeme ipangwe upya.

Mjomba wa Makadara

Fomu zimepatikana. Kijana ameandikishwa Fremantle, na saini ni ya dada mwenyewe, ya miaka minne iliyopita. Nimemweleza habari za pointi na zamu kadiri nilivyoweza, nikitumia mfano wa chama bila kumwambia kwamba Wakili ameukataa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba kutoka kituo cha treni cha karibu na kwake hadi Fremantle ni dakika thelathini, na kwamba Jumapili hii kanisani ataiombea klabu hiyo ikusanye pointi za kutosha.